Nyumba ya getini ni nzuri kwa picha, bili yake sasa

Bili ya umeme ya Januari imeingia jana jioni, pauni 318. Karibu milioni moja ya kwetu, mwezi mmoja, vyumba viwili, na bado nalala na soksi na sweta!

Mkiona picha zangu mnasema dada anaishi kwenye kasri. Jamani, hii ilikuwa nyumba ya mlinzi wa geti. Matajiri wa Uingereza zamani jumba lao lilikuwa ndani kabisa ya shamba, halafu huku barabarani wanajenga kijumba cha mtu wa kufungua geti, gari la farasi likija hata usiku wa manane anaamka. Na kwa vile mgeni anaanza kukiona hicho, urembo wote umewekwa hapo, mawe ya kuchonga, dohani ndefu kama mnara, mbao za ukingo wa paa zimetobolewa maua kama lesi. Dirisha la sebuleni limetokeza nje pande tatu ili mlinzi aone barabara huku na huku akiwa amekaa. Kioo chake ni kimoja, chembamba, asubuhi ukikigusa kiganja kinalowa, na upepo unapenya kwenye fremu mpaka pazia linacheza.

Nikamwomba mwenye nyumba aweke vioo vya kisasa, akasema haiwezekani, nyumba iko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, ukibadilisha dirisha bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai. Nilikasirika, lakini pia iliniuma, maana kwetu Tanga majengo ya zamani yanabomoka tunayaangalia, huku hata kijumba cha mlinzi kina sheria yake.

Jumapili mume wangu alinipeleka kuona Worcester Lodge, nyumba ya geti ya jumba la Badminton, kule Gloucestershire (ndiyo, mchezo wa badminton umepata jina kwenye jumba hilo). Aliyechora ramani ya hiyo nyumba ya geti ni William Kent, alifariki 1748. Juu ya tao la geti kuna chumba cha kulia chakula! Na jumba lenyewe liko maili kama 3 kutoka hapo, njia imenyooka moja kwa moja. Nilisimama pale nikasahau baridi.

Mnaotaka kuja, kabla ya kusaini mkataba ulizeni nyumba inapashwa joto na nini, na kama iko kwenye hiyo orodha. Msidanganywe na mawe.

Leo mwenye nyumba kaleta mapazia mazito ya sufu, hakutaka hata senti. Tumefunga pande mbili, wa tatu nimeuacha wazi, naona taa za magari zikipinda kona.