Mtoto wa England na sahani ya mchana

Njaa ya mtoto katika nchi tajiri si rahisi kuitambua. Ana sare, ana viatu, kwao kuna umeme. Lakini ikifika saa tano asubuhi kichwa kinamuuma, anasinzia au anagombana na mwenzake, na shule inaandika kwamba hana nidhamu.

Tangu Aprili 2018, mwombaji mpya anayepokea Universal Credit (msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo) alitakiwa awe na mshahara usiozidi pauni 7,400 kwa mwaka baada ya kodi ndipo mwanawe ale chakula cha mchana bure shuleni. Kwa kima cha chini cha 2025, pauni 12.21 kwa saa, mama anayesafisha ofisi saa 12 kwa wiki tayari ameuvuka mpaka huo. Sahani ikiuzwa pauni 2.50, kwa siku 190 za masomo hizo ni pauni 475 kwa kila mtoto. Bei za vyakula zilipanda, mpaka haukusogezwa. Huo ulikuwa uamuzi wa watu, na uliwaumiza watoto. Kuanzia Septemba 2026, familia zote za Universal Credit zinaingizwa.

Madarasa matatu ya mwanzo (Reception, Year 1 na Year 2) wote hula bure, kwa hiyo wazazi wengi hawajazi fomu ya kuomba chakula hicho. Jazeni hata hivyo! Jina la mtoto likikosekana, shule inakosa fedha za kumsaidia kimasomo (pauni 1,515 kwa mwanafunzi wa msingi mwaka 2025/26), na akishatoka madarasa hayo na kuingia Year 3 mzazi anashtukia deni la chakula.

Sekondari kuna tatizo jingine. Posho ya chakula cha bure huwekwa kwenye akaunti ya mtoto shuleni kila siku, na katika shule nyingi isipotumika leo inafutwa. Aliyekosa chakula kwa sababu ya foleni ndefu hafidiwi kesho.

Wenye viza isiyoruhusu misaada ya serikali wasikae kimya. Tangu 2022 watoto wao wanaweza kustahili, kwa viwango maalumu vya kipato na akiba. Ombeni fomu yake shuleni au kwenye halmashauri, kwani ukaguzi wa mtandaoni hauwaoni. Chakula hiki hakihesabiwi kuwa msaada uliokatazwa na viza.

Likizo ni wiki 13 kwa mwaka. Mpango wa serikali wa chakula na michezo hugusa wiki sita tu: nne za kiangazi, moja ya Pasaka, moja ya Krismasi. Nafasi hujaa mapema, hivyo ulizeni halmashauri kabla shule hazijafungwa.