Ubao wa Mzee

Jana jirani alikuwa anapaka geti lake rangi. Harufu ya rangi ya mafuta na mafuta ya taa ikaingia mpaka sebuleni, nikajikuta nimeinua macho kuutazama ule ubao. Kila mgeni anayekaa kwenye lile kochi ameshaniuliza, "Hii picha ya nini?" na kila mmoja nimempa jibu lake. Fundi bomba nilimwambia ni ramani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Ubao wenyewe ulikuwa wa kupangusia brashi. Basi. Plaiwudi, ukubwa wa meza ndogo, Mzee, baba yangu, fundi wa kuandika vibao, ameuegemeza ukutani barazani kwetu Ngamiani, Tanga. Alipotaka kubadili rangi alipangusa brashi pale kwanza, ndipo akaitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Miaka kumi na kitu mtindo ni huohuo. Saluni, bucha, majina ya majahazi, "Leo taslimu kesho mkopo" zisizo na idadi: maandishi yote yaliyotulisha yaliacha makombo yake pale.

Mwaka 1996 akaja yule mgeni, mwalimu wa kuchora, kaletwa na kijana wa mtaani kuagiza kibao. Habari ya kibao tuiache. Alisimama mbele ya ubao mpaka chai yake ikapoa, halafu akauliza unauzwa shilingi ngapi. Mzee alidhani anauliza brashi.

"Nitatoa elfu ishirini."

Ndani Mama akakohoa. Barazani hapakuwa na asiyekielewa kile kikohozi.

"Hiyo si picha, mwalimu," Mzee akasema. "Haina kitu."

"Ndiyo maana naitaka."

Mjue kwamba kwa Mzee picha ilikuwa simba, na simba awe na sharubu. Hata vile vinyago vya Wamakonde vya mtindo wa mawingu, mti uliopindapinda na kulainishwa bila uso wala mkono, alikuwa akisema mchongaji kaishiwa subira. Angeuza tu. Hakuuza. Sijui kwa nini mpaka leo. Nadhani alihofu kuchekwa mbele ya safari. Mama alimnunia hadi Ijumaa.

Usiku ule umeme ulikatika. Natoka uani namkuta kachuchumaa barazani, chemli mkononi, uso umekaribia ubao kama anayetafuta sindano.

"Njoo."

Nikachuchumaa naye. Akaanza kupitisha kidole.

"Hii nyekundu, bucha ya Makorora. Hii ya kijani, saa za sala, pale msikitini. Buluu hii jahazi, mwenyewe hakunilipa, kanipa papa mkavu. Hii njano..." Akaigusa kwa ukucha. "Hii siku uliyozaliwa. Wamekuja kuniita niko katikati ya neno 'baiskeli'. Nikapangusa mara moja nikakimbia. Tazama ilivyo nene."

Kumbe kile kisicho na kitu kilikuwa daftari lake la madeni. Kila doa na mtu wake. Akashusha chemli, kidole kikateremka, kikafika mahali padogo, kama kiganja cha mtoto, ambapo buluu ilipanda juu ya nyeusi kabla haijakauka, zikazaa rangi ya tatu. Nataka kusema ilifanana na bahari ya Raskazone mvua ikikaribia, lakini mnaona, nimeshaanza. Haikufanana na chochote.

Kidole kikasimama.

"Hapa sipajui," akasema.

Akakaa. Utambi ulitoa moshi, kioo kikaanza kupata weusi upande mmoja, asiupunguze. Mbu walinila miguu nikashindwa kuwapiga, kwa kuogopa kelele. Kisha akasema neno moja tu: "Pazuri." Sikuwahi kumsikia akilisema kwa kitu ambacho hakulipwa.

Ukubwani nilisoma habari za Kandinsky, mchoraji Mrusi. Jioni moja huko Munich alikuta chumbani kwake picha nzuri ajabu, rangi tupu, kumbe ni yake mwenyewe imeegemezwa kwa ubavu. Kesho yake mchana akajaribu kuiona vile tena, akashindwa, kila mara akiona vitu vilivyochorwa. Nikamkumbuka Mzee na chemli. Na ule mraba mweusi wa mchoraji Malevich, wa mwaka 1915, ambao wataalamu wa Urusi waliupiga eksirei wakakuta chini yake picha nyingine za rangi? Mzee angesema jamaa aliishiwa plaiwudi.

Asubuhi alichovya brashi, akaandika, akageukia ubao kupangusa. Mkono ukabaki hewani. Alikuwa anachagua. Mwishowe akapangusa rangi ya chungwa pembeni kulia, akarudi nyuma hatua mbili, akakunja jicho, akarudi kuongeza kidogo. Kisha kidogo tena. Haikupita wiki, akahamia kwenye tambara.

Pembe ile ya rangi ya chungwa ndiyo mbaya kuliko zote ubaoni, na ndiyo pekee aliyokusudia ipendeze. Binti yangu haijui hadithi hii. Jana nilimuuliza anapenda wapi, akaweka kidole palepale.

"Hapa kuna mtu," akasema.

Nimetazama tangu jana. Simwoni.