Kumbukumbu za mafuta yanayohamishwa kati ya meli baharini

Meli mbili za mafuta zinapofungwa ubavu kwa ubavu katikati ya bahari, na moja ikaanza kuipa nyingine shehena kwa mipira ya kupitishia mafuta, hakuna ofisa wa forodha wala matangi ya bandari ya kupimia kilichopita. Kamba zikishafunguliwa na kila meli ikashika njia yake, kinachobaki ni maandishi. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikiyatilia maanani masharti ya kumbukumbu yaliyomo katika Mkataba wa MARPOL, yaani mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi wa bahari kutoka melini, kuliko masharti yake mengine yanayotajwa mara nyingi zaidi.

Sura ya 8 ya Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, kinachohusu mafuta, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2011, nayo inazihusu meli za mafuta zenye tani jumla (kipimo cha ukubwa wa meli, si uzito) 150 au zaidi. Kila meli ya aina hiyo inayofanya kazi hii lazima iwe na mpango ulioidhinishwa na nchi ya bendera yake, yaani nchi ilikosajiliwa, na kuandikwa kwa lugha ya kazi ya mabaharia wenyewe. Ikiwa kazi itafanyika katika bahari ya kitaifa au ukanda wa kiuchumi (unaofika hadi maili 200 kutoka pwani) wa nchi mwanachama, nchi hiyo ipewe taarifa angalau saa 48 kabla: majina na bendera za meli, mahali na saa ya kuanza, aina na kiasi cha mafuta, muda utakaotumika, na kama meli zitatia nanga au zitakuwa zikienda. Muda wa kuwasili ukibadilika kwa zaidi ya saa 6, taarifa hurekebishwa.

Kazi yenyewe huandikwa katika Sehemu ya Pili ya Kitabu cha Kumbukumbu za Mafuta. Meli inayopokea huandika mahali, aina ya mafuta, matangi yaliyojazwa, na kiasi kilichoongezwa kwa mita za ujazo katika nyuzi joto 15. Kipimo hicho cha nyuzi 15 si urembo, kwa kuwa mafuta hutanuka yakipata joto, na bila kipimo kimoja hesabu zisingeweza kulinganishwa. Meli inayotoa huandika matangi yaliyopakuliwa, na kama tangi halikuisha, kiasi kilichosalia. Ofisa msimamizi hutia saini kila kazi ikikamilika, naye nahodha hutia saini kila ukurasa uliojaa. Kumbukumbu hizo hukaa melini miaka 3.

Nguvu ya utaratibu huu, kwa maoni yangu, ni kwamba vitabu ni viwili na viko mikononi mwa watu wasiofanya kazi pamoja. Mkaguzi wa bandarini anaweza kunakili ukurasa wowote na kumtaka nahodha athibitishe nakala hiyo, nayo hupokelewa mahakamani kama ushahidi. Kuandika uongo ni kosa linalojitegemea. Mwaka 2016 kampuni ya Princess Cruise Lines ilikubali kulipa dola milioni 40 nchini Marekani katika kesi ya umwagaji wa taka za mafuta, na miongoni mwa mashitaka lilikuwamo la kutotunza kitabu sahihi. Hiyo ilikuwa meli ya abiria na kumbukumbu zilihusu chumba cha injini, lakini kanuni ni ileile.

Panaponitia wasiwasi ni bahari kuu, nje ya maili 200, ambako hakuna nchi ya pwani ya kupewa taarifa. Huko kila kitu hutegemea nchi ya bendera, na meli chakavu zinazokwepa vikwazo huchagua bendera ambayo haitaziuliza neno. Desemba 2023 Baraza Kuu la Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi za bendera zihakikishe mipango ya meli zao inamtaka nahodha azijulishe anapohamisha mafuta bahari kuu. Azimio hilo ni la kuhimiza tu. Ningetaka liingizwe katika kanuni ya 42 ya Kiambatisho hicho, ile inayodai taarifa kwa nchi ya pwani, kwa sharti lilelile la saa 48, ili nakala moja ya taarifa iwe nchi kavu kabla mipira haijaunganishwa.