Nusu karatasini, nusu kwenye skrini: ninavyogawa kitabu cha mchezo wa uhusika

Wanaoanza michezo ya uhusika ya mezani, ambapo kila mchezaji huigiza mhusika wake na dadu huamua matokeo, huulizana wanunue PDF au kitabu cha karatasi, kana kwamba lazima kimoja kimfukuze mwenzake. Mimi nagawa kitabu chenyewe. Kurasa zinazoshikwa mchezo ukiwa unaendelea nazichapa. Zile za kutafutwa mara moja moja zinabaki kwenye kishikwambi. Nitaeleza ninavyofanya, na vipimo vyake, kwa sababu vipimo ndipo kazi hii inapoharibikia.

Nitatumia mfano ambao kila msomaji anaweza kuupata bila kulipa: SRD 5.1, hati ya kanuni za mchezo wa uhusika wa Dungeons & Dragons ambayo wachapishaji wake, Wizards of the Coast, waliiweka chini ya leseni ya Creative Commons CC BY 4.0 Januari 2023. Ni PDF ya kurasa 400 na ushei, ukubwa wa Letter wa Marekani, maandishi safu mbili, haina picha. Leseni hiyo inakuruhusu kuichapa, kuinakili, kuitafsiri kwa Kiswahili na kuigawa, mradi utaje chanzo kwa maneno yaliyoandikwa ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza nauchapa kila mara, hata ninapotaka kurasa kumi tu. Mwenye steshenari akiuliza kama kuna ruhusa ya kuchapa, namwonyesha.

Kugawa kwenyewe kunahitaji swali moja kwa kila sura: katikati ya mapambano, nani ataitazama, na kwa muda gani? Hali zinazompata mhusika, kama kupofuka, kulala chini, kuzimia, kuchoka, ziko 15 na zinaingia kurasa mbili, 358 na 359. Hizo hutazamwa na kila mtu usiku kucha, basi ni za karatasi, tena karatasi ya laminesheni, upande mmoja ukurasa huu na wa pili upande mwingine. Sura ya mapambano ni ya karatasi. Kurasa za aina ya mhusika anapewa mchezaji husika peke yake. Mpiganaji hana haja ya kurasa za mchawi. Mazimwi, ambayo yanakula karibu theluthi ya hati, yanabaki kwenye skrini, isipokuwa yale matatu au manne ya kikao cha siku hiyo. Vitu vya kichawi vibaki kwenye skrini vyote. Uchawi ndio wenye mjadala: maelezo yamepangwa kwa alfabeti, hayakupangwa kwa ngazi, na mchawi wa ngazi ya kwanza anahitaji mistari michache iliyotawanyika kwenye kurasa zaidi ya themanini. Kuchapa sura nzima kwa ajili ya mchezaji mmoja ni hasara. Nanakili maelezo ya uchawi alionao tu, nayabandika kwenye hati tupu, nachapa karatasi moja. Mhusika akipanda ngazi, anaongezewa nyingine.

Kutoa kurasa unazotaka si kazi. Kwenye kompyuta natumia qpdf, programu ya bure:

qpdf kitabu.pdf --pages . 1,358-359 -- hali.pdf

Asiye na kompyuta afungue PDF kwenye simu, achague kuchapa, aandike namba za kurasa, kisha badala ya printa achague kuhifadhi kama PDF. Angalizo moja: namba iliyochapwa chini ya ukurasa mara nyingi si namba ya faili. Mafaili mengi huhesabu jalada na kurasa za mwanzo, hivyo ukurasa wa 20 wa kitabu unaweza kuwa wa 22 au 24 wa faili. Fungua faili, tafuta ukurasa wowote wenye namba, toa tofauti, na uiongeze kila mahali. Usipofanya hivyo steshenari watakuchapia sura ya jirani na utailipia.

Sasa skrini. Ukurasa wa Letter una upana wa milimita 216. Simu ya kawaida ikishikwa wima ina upana wa kama milimita 70, yaani theluthi. Herufi ya pointi 9 inageuka pointi 3, na hakuna jicho la kusoma hapo. Ndiyo maana mchezaji mwenye simu huwa anavuta ukurasa huku na huku, anashuka safu ya kushoto, anapanda juu tena kuanza ya kulia, na mapambano yanamsubiri. Kishikwambi cha inchi 10 kina upana wa takriban milimita 136. Herufi ile inakuwa chini kidogo ya pointi 6. Ukikata kingo nyeupe, milimita 15 kila upande, inafika pointi 6 na nusu, na hapo inasomeka. Programu nyingi za kusoma PDF zina kitufe cha kukata kingo. Kitafute kabla hujalaumu kishikwambi. Kifaa cha wino wa kielektroniki cha inchi 6 hakifai kabisa kwa vitabu vya safu mbili. Cha inchi 10.3 kina skrini ya karibu ukubwa wa A5, kinasomeka vizuri juani, lakini kurukaruka kati ya kurasa ni polepole mno kwa msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuyachezesha mazimwi. Hicho ni cha kusomea nyumbani.

Upande wa karatasi, hesabu inaanzia kwenye uzito. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. SRD nzima, pande mbili, ni karatasi kama 200: kilo nzima ya kubeba begani, na hapo hujaweka dadu wala madaftari. Kurasa za mezani nilizotaja hazizidi karatasi 30.

Letter ikichapwa kwenye A4 inapungua hadi asilimia 97, na hilo halina madhara. Chagua ijae ukurasa, usiache ukubwa halisi, kwani ukubwa halisi hukata pembeni. Kishawishi kikubwa ni kukunja A4 kuwa kijitabu cha A5 ili kuokoa karatasi. Kwa kitabu cha Letter chenye safu mbili, usifanye: upana wa 216 ukiingizwa kwenye 148 unabaki asilimia 68, na pointi 9 inakuwa 6. Kwenye skrini utakuza. Kwenye karatasi huwezi. Vitabu vya inchi 6 kwa 9, ukubwa ambao wachapishaji wengi wadogo wanaupenda, hivyo ndivyo vya kukunja. Vinapungua hadi asilimia 92 tu na herufi inabaki zaidi ya pointi 8.

Kijitabu cha kukunjwa kinataka idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kwa kuwa karatasi moja hubeba kurasa nne. Ukiwa na 46, ongeza mbili tupu mwishoni. Nazipenda hizo, ndizo za maelezo ya penseli. Printa iwekwe igeuze kwa ubavu mfupi. Ikigeuza kwa ubavu mrefu, nyuma inatoka kichwa chini na kazi nzima inatupwa, kwa hiyo nachapa karatasi mbili za kwanza, nazikunja, nasoma namba, ndipo naruhusu zilizobaki. Usizidishe kurasa 64 kwenye mkunjo mmoja. Hizo ni karatasi 16, kila moja unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na karatasi za katikati zinasukumwa nje milimita moja na nusu au zaidi. Ukizinyoosha kingo kwa kisu, maandishi ya kurasa za kati yanausogelea ukingo. Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, inatakiwa yenye mkono mrefu, na steshenari nyingi wanayo.

Zaidi ya hapo, spairo. Kitabu cha spairo kinalala wazi mezani, kinageuka nyuma kabisa, na mkono mmoja unabaki huru kurusha dadu. Baindingi ya gundi inapendeza rafuni, lakini ukikilazimisha kilale wazi gundi inapasuka mgongoni na kurasa zinaanza kuchomoka, kwanza zile zinazofunguliwa kila siku.

Omba printa ya toneri, yaani ya leza. Wino wa maji hutawanyika ukiguswa na jasho au kikombe cha juisi, na meza ya mchezo ina vyote viwili. Kwa sisi wa Pwani kuna jambo lingine: rimu iliyokaa wazi hunyonya unyevu, karatasi zinajikunja zikipita kwenye joto la toneri, na upande wa pili zinakwama. Mwombe fundi afungue rimu mpya.

Vitabu vyenye michoro vina shida yao. Ukurasa wenye mandharinyuma ya rangi ya ngozi kuukuu unapendeza kwenye skrini kubwa, lakini unakula toneri na unaifanya simu yenye kumbukumbu ndogo ifikirie kila ukigeuza ukurasa. Kabla ya lolote, angalia kama mchapishaji ametoa toleo jepesi la kuchapa, au kama faili ina matabaka ya kuzimwa. Visipokuwepo, Ghostscript, programu nyingine ya bure, inaondoa picha:

gs -o nyepesi.pdf -sDEVICE=pdfwrite -dFILTERIMAGE kitabu.pdf

Kumbuka inaondoa picha zote, ramani zikiwemo. Na penye herufi nyeupe juu ya picha nyeusi, utabaki na nyeupe juu ya nyeupe. Pitia faili jipya ukurasa kwa ukurasa, na kurasa zilizoharibika uzichukue kwenye faili la awali.

Watu husifu PDF kwa utafutaji, na sifa hiyo ni nusu ya kweli. Tafuta neno la kawaida la kanuni, upate mahali makumi. Faharasa ya mwisho wa kitabu ingekupa ukurasa mmoja. Alamisho, yaani orodha ya vichwa unavyobonyeza kurukia ukurasa, ndizo zinazookoa muda, kwa hiyo faili lisilo nazo naliwekea mwenyewe, sura na vifungu vikuu, kabla ya kikao cha kwanza. Vitabu vya miaka ya 1970 na 1980 vilivyoskaniwa ni vigumu zaidi: maandishi yametambuliwa na mashine, na "d10", yaani dadu la pande kumi, imeweza kusomwa kama herufi tatu zisizo na namba. Hapo tafuta kichwa cha kifungu, usitafute namba.

Kuna na suala la nani ameshika kitabu. Aprili 2009 Wizards of the Coast waliondoa PDF zao zote madukani, na hazikurudi kuuzwa hadi Januari 2013. Mwaka 2024, kwenye D&D Beyond, huduma yao ya kusomea kanuni mtandaoni, walitangaza kwamba uchawi wa kanuni za zamani ungebadilishwa na mpya kwenye karatasi za wahusika, wakarudi nyuma baada ya wachezaji kulalamika. Kitabu kinachosomwa kwa akaunti kinaweza kubadilika kikiwa mkononi mwako. Ndiyo maana napendelea faili lenyewe kuliko akaunti, nalipakua siku ya kununua, na nakala moja naiweka kwenye diski ya nje isiyounganishwa na kitu. PDF za DriveThruRPG, duka la mtandaoni la michezo hii, kwa kawaida hubeba jina la mnunuzi chini ya kurasa, basi faili la namna hiyo halitumwi kwenye kundi la WhatsApp. Wachezaji wapewe karatasi za wahusika wao, kanuni wasome hati za bure.

Kwa siku yenyewe ya mchezo: kishikwambi chaji kamili, hali ya ndege imewashwa, mwanga nusu, na kurasa za mazimwi ya siku hiyo zimeshafunguliwa kwa alamisho. Umeme ukikatika, karatasi 30 zilizoko mezani zinatosha kumaliza mapambano kwa mwanga wa tochi moja, na chaji ya kishikwambi inawekewa msimamizi peke yake.