Vile nilikapata kaua ka njano ka Vertical Bog, Mlima Kenya

Mlima Kenya kila mtu anataka picha na ile mimea mikubwa ya huko juu, lobelia na senesio, sawa ni nzuri, lakini mimi nilikuwa nimekazania kaua kadogo tu ka njano kanaitwa Ranunculus oreophytus, na nilikapiga picha safi kabisa, wacha niwaambie nilivyofanya.

Nilipanda kwa njia ya Naro Moru kwa sababu ya Vertical Bog, ule mwinuko wa matope unaokutana nao ukishaacha kambi ya Met Station (mita kama 3,050) ukielekea Teleki Valley. Wapandaji wanauchukia na wana haki, mguu unazama vibaya, lakini haka kaua kanapenda maji, kwa hivyo pale watu wanalia ndio pa kutafuta. Vaa gambuti, kanyaga juu ya mafungu ya nyasi, katikati usijaribu.

Sasa usipoinama hukaoni. Hakana shina la maana, majani yamelala chini yamesambaa duara na ua limekaa hapo katikati karibu na udongo, mimi naona ni ujanja wa kukwepa upepo na baridi maana usiku huko juu kunaganda na mchana jua linachoma. Halafu kuna kengine ka njano, Haplocarpha, kanamea hapo hapo kwa unyevu. Geuza jani uone. La Haplocarpha chini ni jeupe, lina manyoya. La haka kangu limekatwakatwa vijipande pande zote mbili, na petali zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

Huo mng'ao ndio ulisumbua simu, njano yote ilikuwa inatoka nyeupe. Nikagusa skrini juu ya petali, nikavuta kale ka-alama ka jua chini mpaka njano ikarudi, rafiki yangu akasimama akaziba jua, mimi nikalala tumbo juu ya koti la mvua na simu nimeigeuza juu chini ili lensi ikaribie udongo, hapo hata tule tumbegu twa kijani twa katikati, vile tumebanana, tukaonekana. Pota mmoja, wale wa kubeba mizigo ya wapandaji, akapita akauliza, "Boss, uko sawa kweli?" Nikamwambia niko sawa sana.

Usikang'oe, hiyo ni mbuga ya taifa, na mimea mingi ya jamii ya haka kaua, Ranunculaceae, ina utomvu wa kuwasha ngozi. Nenda Januari au Februari, tena asubuhi kabla mawingu hayajashuka, ukienda Aprili hayo matope utayaogelea.