Hati ya uwakilishi kwa kazi moja tu

Ukitaka mtu akuuzie gari ukiwa mbali, unamwandikia hati ya uwakilishi, yaani karatasi inayomfanya wakala wako, mwenye ruhusa ya kutenda kwa niaba yako. Usiandike "namruhusu kushughulikia mali zangu". Hapo umemkabidhi kila kitu. Andika kazi yenyewe: kuuza gari lenye namba fulani ya usajili na namba fulani ya chasisi, kwa bei isiyopungua kiasi ulichotaja, malipo yaingie kwenye akaunti yako moja kwa moja.

Kisha taja kila hatua anayoruhusiwa. Kuuza ni kitu kimoja. Kusaini fomu za kuhamisha umiliki ni kingine, na kupokea fedha ni kingine kabisa. Wengi hukwama hapa: mnunuzi yupo, fedha ipo, lakini karani anakataa saini ya wakala kwa sababu hati haisemi neno kuhusu uhamisho.

Majina yafanane na ya kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi. Weka tarehe ya mwisho ya hati kutumika, na uiache na nafasi kidogo, maana ofisi huchelewa. Ule mstari wa "na mengine yote yatakayohitajika", ukiukuta kwenye hati, mimi huufuta, au naufunga kwa kuongeza "kwa ajili ya mauzo haya tu".

Usisaini nyumbani kabla hujaulizia ofisi itakayoipokea: nyingi hutaka usaini mbele ya wakili au mthibitishaji, na zinadai nakala halisi.

Ukibadili nia, batilisha kwa maandishi, mjulishe wakala na ofisi husika, kisha dai hati irudishwe.