Mtanga wa Shela

Wiki iliyopita tumenunua viatu vya shule. Binti yangu, huyuhuyu mnayemjua kwa maswali, akaviacha viatu akachukua kile kijifuko cheupe kinachotiwa ndani ya boksi. Akakitikisa sikioni. "Mama, hii ni nini? Imeandikwa usile." Nikamwambia ni punje za silika, zinanyonya unyevu ili viatu visiote ukungu. "Kwani viatu vina maji?" Nikasema hewa ndiyo ina maji, hasa hewa ya huku kwetu. Akaridhika, akaenda zake kucheza.

Mimi nikabaki na kijifuko mkononi. Laiti ningekuwa na kilo mbili za punje hizi Januari 1998, ningeepuka aibu ambayo shangazi zangu hawajaisahau hadi leo.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nangoja barua ya kidato cha kwanza, sina kazi ila kutumwa. Dada yangu mkubwa alikuwa aolewe Mfungo Mosi, baada tu ya Idi, kwa hiyo mwezi mzima wa saumu nyumba yetu ya Mkomani, mjini Lamu, haikulala: mara vitambaa, mara mashoga wa Mama kutoka Matondoni, mara fundi wa chokaa aliyekuja siku moja akapotea wiki. Na mvua. Waliokuwapo wanaikumbuka elnino ile. Ilianza Oktoba na mwaka mpya ukatukuta bado tunaweka sufuria chini ya dari inayovuja. Kaskazi tunayoijua sisi ni upepo mkavu, unaanika nguo na kabla hujashuka ngazi zimekauka. Mwaka ule nguo zilikaa kambani siku tatu, ukizianua zanuka.

Katika hali hiyo ndipo nilipoamua kukausha maua.

Wazo nililipata kwa Mama mdogo. Alikuwa akifanya kazi Shela, nyumbani kwa bibi mmoja wa Kifaransa, na siku moja nikamsindikiza. Mezani kulikuwa na bakuli la mbao limejaa maua: mawaridi, bugenvilia, mengine siyajui. Nikaligusa moja, likalia kama karatasi. Lilikuwa na miezi minane, akaniambia yule bibi, na bado jekundu, jekundu la damu iliyokauka lakini jekundu. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kokoto. Unalizika ua ndani ya mchanga mkavu, ukiumimina polepole baina ya petali ili lisijikunje. Unaliacha wiki mbili tatu, mbali na jua, maana jua linakula rangi. Kisha unalifukua. Mengine, kama bugenvilia, hata mchanga huyahitaji, unayafunga shada na kuyaning'iniza kichwa chini penye giza na hewa.

Nilisikia yote. Neno moja tu lilinipita, "mkavu".

Basi nikaziona zidaka zetu, vile vishubaka vya ukutani, kwa macho mapya. Nyumba ile ina ukuta mzima wa zidaka kule ndani, safu juu ya safu, chokaa imechongwa na mtu ambaye hakuwa na haraka. Zamani zilikaa bakuli za Kichina. Sisi tulikuwa tumebakiwa na bakuli mbili zenye ufa, saa iliyokufa, chupa za dawa za Bibi na risiti za stima. Dada angepambwa na kuketishwa mbele ya ukuta huo. Nikaapa kila kidaka kitakuwa na ua lake.

Jaribio la kwanza nililifanyia juu ya dari, siku mbili mvua ilipopumua. Nilikata bugenvilia ya jirani (kwa ruhusa, karibu), nikaitandaza juani. Siku ya pili ile zambarau ilikuwa imegeuka rangi ya gazeti la mwaka juzi. Miaka mingi baadaye, kwenye somo la baiolojia, nilifundishwa kwamba kile tunachokiita ua la bugenvilia ni majani tu yaliyotiwa rangi, ua lenyewe ni kile kijinyota cheupe kilichojificha katikati. Nilicheka peke yangu darasani. Hata nilichokuwa nikikikausha sikukijua.

Jaribio la pili ndilo hili. Nilitembea hadi Shela na ndoo na mkebe wa biskuti, nikachota mchanga. Ningepanda vilimani nikachota ule wa juu, mweupe, laini kama unga, usio na chumvi. Lakini nilikuwa nimefunga, jua la saa saba limetoka ghafla baina ya mvua mbili, nikachota palepale pwani, hatua tano kutoka maji yanapofika. Ulionekana mkavu. Nyumbani nikazika mawaridi kumi na moja na mafungu ya asumini, nikafunga kifuniko, nikakizungushia utepe wa gundi ili hata chungu asipite, nikauficha mkebe chini ya kitanda changu. Wiki tatu na siku mbili.

Niliufungua usiku wa kuamkia kupambwa. Wanawake walikuwa wamejaa kiwandani, yaani uani, wameketi juu ya mikeka, sinia za asumini na mrehani katikati, wanatunga vikuba. Harufu ile ukiijua unaijua. Nikautia mkebe katikati yao. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba, kwamba maua haya hayatanyauka mpaka dada azae wajukuu. Nikavuta utepe.

Kwanza ilitoka harufu. Ya kisima kilichoachwa, na chini yake kitu kitamu, kama embe lililosahaulika kwenye mfuko. Shangazi mmoja akavuta leso puani. Nikaendelea, maana nilikuwa nimeshaanza. Nikaupindua mkebe juu ya sinia tupu, na mchanga haukumwagika. Ulitoka mzima, umeganda, wenye umbo la mkebe, unang'aa kwa unyevu, na pembeni umeandikwa kinyumenyume jina la biskuti. Mtu akacheka. Nikaupasua kwa kidole.

Ndani mlikuwa na waridi. Sikusema ua. Ua lilikuwa limekuwa utando mweusi wenye manyoya meupe ya ukungu. Lakini mchanga ulikuwa umelishika umbo lake lote: kila petali ilivyopinda, kila ukingo, hata mshipa. Nikaitazama ile nafasi tupu yenye sura ya waridi, na kwa muda ule mfupi nilisahau kuona haya. Sijawahi kuona kitu kilichochongwa vizuri hivyo. Kisha shangazi mwingine akakohoa, sinia ikatikisika, ukingo ukabomoka, na waridi likawa tope.

Kicheko kilichofuata kilisikika, nadhani, mpaka Usita wa Mui, njia kuu ya mji.

Bibi yangu peke yake hakucheka mara moja. Alitia kidole kwenye mchanga, akakionja. Mwanamke wa miaka sabini na kitu anaonja tope la maua yaliyooza mbele ya wageni. "Una munyu huno," akasema. Chumvi ndiyo iliyoyaita maji kutoka hewani, na kifuniko changu kikayazuia yale ya maua yasitoke. Kisha akanitazama. "Mtanga wa Shela ndio utupao mai ya kunwa, nawe wataka kukaushia maua?" Hapo ndipo alipocheka, na wote wakaanza upya. Alisema kweli, vilima vile ndivyo vinavyotunza mvua chini yake, na Lamu nzima inachota huko. Ukimuuliza mtu yeyote wa mji wetu mchanga ule unafanya kazi gani, atakwambia unaweka maji.

Mambo ya harusi yakaenda kama yanavyokwenda. Zidaka zilipata maua ya plastiki. Kwenye picha yanapendeza, nakiri kwa uchungu.

Usiku uleule, watu walipopungua, Bibi akaniita chumbani. "Ndoo," yaani njoo. Akafungua kasha lake, ambalo hatukuwa tukiruhusiwa hata kuliegemea. Akatoa leso moja chini kabisa, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na kikuba, au kilichokuwa kikuba. Asumini zimekuwa kahawia kama majani ya chai, uzi umekuwa njano, majani ya mrehani yameshakuwa vumbi. Akanisogezea puani. Ilikuwa hafifu, imechanganyika na udi na nguo za zamani, lakini ilikuwapo.

Nikamwambia yamebadilika rangi.

"Rangi waitakia nini?"

Nikauliza ni za harusi yake.

"Si za arusi," akasema, akafunga fundo, akafunga kasha, akaniambia nikalale kesho kuna kazi.

Sikuuliza tena, na yeye hakusema. Alipofariki kasha lilikwenda Mombasa kwa mmoja wa shangazi, na mimi nilikuwa mbali kwa masomo. Baadaye niliuliza kwa simu kama kulikuwa na leso yenye fundo. Nikaambiwa kulikuwa na leso nyingi, zote zimefuliwa.

Tangu siku ile ya viatu nimekuwa mwizi wa vijifuko. Nimechukua vya pochi ya dada, vya redio, vya viatu vya mume wangu. Nilivipasua nikajaza kikopo cha majani ya chai, nikamwachia binti yangu azike waridi moja la bustani ya jirani (kwa ruhusa, safari hii kamili). Nikamwambia wiki moja, asiguse. Kikopo nikakiweka juu ya friji.

Jana, siku ya nne, nimemkuta amesimama juu ya kiti na kifuniko mkononi. Nikafungua mdomo kumgombeza, kisha nikaliona ua. Zima. Jekundu, limekoza kidogo, kila petali mahali pake, kama lile la Shela mezani.

Alikuwa amelishika kwa vidole viwili na ameliweka puani.

"Mama," akasema, "halinuki."

Nikalichukua, nikalinusa na mimi. Kweli halinuki.